Nyigu wa Njoro

Simu yangu siku hizi ikifika hangarini inaingia chini ya ndoo. Si utani, kuna ndoo ya bluu ya lita kumi nimeifunika juu ya stuli, simu inakaa hapo chini imezimwa sauti mpaka nimalize kuzunguka ndege nikiikagua kabla ya kuruka, kwa hivyo kama ni wewe ulinipigia Jumamosi asubuhi ukaona sishiki, pole sana, si madharau, ni ndoo. Nitaeleza ilivyoanza lakini wacha kwanza niseme mimi ni nani kwa wale wageni.

Mimi ni fundi wa gari. Nimekulia Nakuru, kazi nimejifunzia gereji za jua kali, pikapu, Canter, matatu, chochote kilichoingia kikikohoa. Baadaye nikapata kazi kwa shamba la mzee mmoja huku Njoro, trekta na pampu za maji. Mzee (simtaji, hapendi maneno ya mitandao) siku moja akaleta kitu kwa lori kimefunikwa turubai, mabawa yamefungwa ubavuni, mimi nikadhani ni mashine mpya ya kuvunia. Kumbe ni kandege ka watu wawili, bawa juu, mwili ni mabomba ya chuma yamevishwa kitambaa, enjini Rotax 912 ya nguvu ya farasi 100. Akaniambia, "Fundi, si hii ni enjini kama zile zingine tu?" Nikamwambia ndiyo mzee. Alikuwa anakosea, na mimi nikakosea pamoja naye kwa karibu miaka miwili.

Kwa sababu ukiitoa kifuniko kweli unaona vitu unavyovijua, silinda nne, kabureta mbili, redieta, plagi, na inakunywa Super ile ile ya petroli stesheni, hapo ndipo kiburi cha fundi kinaingilia. Lakini kupima oili tu ni ibada nzima. Hauvuti tu kijiti ukaangalia. Unazima swichi zote mbili za moto, unaishika propela kwa heshima ya kitu kinachoweza kuwaka saa yoyote, halafu unaizungusha polepole kwa mkono, upande ule ule inaozungukia ikiwaka, kamwe usiirudishe nyuma, mpaka usikie tangi la oili limecheua kama mtoto ameshiba maziwa. Oili ya hii enjini haikai chini yake kama ya gari, ina tangi lake pembeni, na ukipima kabla haijacheua utadhani imepungua uongeze nyingine, kumbe ilikuwa imejificha tu ndani ya enjini.

Kutia saini siwezi, sina karatasi ya KCAA, wale wakubwa wa usafiri wa anga, mimi ni mkono tu. Injinia mwenye leseni ndiye anatoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja kukagua kila masaa 100 na kuandika kwenye kitabu. Siku ya kwanza alipokuja nilikuwa nimefunga propela mwenyewe na nimefurahi. Akaishika, akaniangalia.

"Umejuaje imekaza?"

"Si nimesikia na mkono, Injinia."

"Mkono wako una namba?"

Nikafungua bolti zote sita. Nikazirudisha na toki renchi, ile inayolia tik ikifika kipimo, kwa kuvuka vuka, kidogo kidogo, na kila moja ikimaliza anapiga mstari wa rangi nyekundu kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Hiyo rangi niliidharau sana. Siku hizi ndiyo napenda kuliko kitu chochote kwa hiyo ndege, maana bolti ikijisogeza hata nusu ya milimita mstari unakatika, na jicho linaona hata likiwa na usingizi. Kwa gari hakuna mtu ana taimu ya rangi. Nati ikilegea utaisikia ikigonga ukiwa njiani kwenda Salgaa, utapaki kando, utakaza, maisha yataendelea.

Vitu vingine alivyonifundisha nitavipitisha haraka. Nyaya za usukani unazipitishia kitambaa cha pamba hasa pale zinapopita kwenye puli, uzi mmoja wa waya ukiwa umekatika utanasa kitambaa, jicho lako halingeuona. Zile nati zenye plastiki ndani zikishatolewa mahali pa kazi nzito zinatupwa, hazirudi. Mipira ya mafuta na ya maji inabadilishwa kila miaka mitano hata kama inang'aa, na hapo mzee alilia kweli kweli, akawa anaishika anasema fundi huu mpira ni mpya kuliko viatu vyangu. Na ndege hailali nje. Jua la Njoro ukilisikia ni la baridi lakini tuko karibu na ikweta na tuko futi 7,000 juu, kitambaa kinakaangwa polepole hata siku ambayo wewe umevaa sweta.

Mafuta nayo. Tunanunua na jerikeni, na kuna stesheni moja tulinunua wiki ya mvua kubwa, nikamimina kidogo kwa chupa ya kioo nikaiacha itulie, chini kukaonekana matone ya maji yanakimbizana kama shanga. Nilirudi nalo wakaniambia ati ni jerikeni yangu. Sawa. Tangu hapo kila lita inapita kwa chujio, na tangi tunalijaza jioni, si asubuhi, kwa sababu usiku huku ni baridi na tangi lililo nusu lina hewa, hiyo hewa inatoa jasho ndani, jasho linashuka chini, na chini ndiko enjini inakonyonya. Asubuhi kabla hata ya kuisukuma nje natoa mafuta kidogo pale chini kabisa, naangalia. Mara nyingi hakuna kitu. Mara mbili kulikuwa na kitu.

Sasa ndoo.

Ilikuwa Januari, asubuhi safi, Menengai unaiona kama umeichora. Ndege ilikuwa imekaa siku tano bila kuguswa. Nilikuwa na leseni ya urubani tayari, niliipata Wilson kwa kuteseka na kuuza ng'ombe wawili, na mzee alikuwa anataka tuzunguke upande wa Rongai aangalie shamba la mtu. Nikaanza kuzunguka ndege, pua, tairi la kushoto, nikafika bawa la kushoto, nimepanda kwenye ngazi na kijiti cha kupimia mafuta mkononi, simu ikalia. Jamaa wa spea Nakuru, ati nitume pesa sasa hivi ama beringi za trekta zinaenda na mtu mwingine. Nikashuka, nikatuma M-Pesa, nikangoja meseji, tukabishana kidogo kuhusu bei ya mkanda, nikarudi. Nikarudi wapi? Bawa la kulia. Kichwa kilikuwa kishaandika kushoto ni tayari, na mimi nikakiamini kichwa changu kama mtu anavyomwamini konda aliyesema chenji iko mbele.

Tukaruka saa moja kasoro. Robo saa hivi ya raha, ngano imevunwa, kivuli chetu kinakimbia chini, halafu enjini ikashuka sauti. Haikuzima. Ilishuka, ikarudi, ikashuka zaidi, sindano ya presha ya mafuta inaanguka huku naiangalia.

Mzee akasema, "Fundi, hiyo ni nini?"

Sikumjibu, na yeye ni mtu ambaye hujibiwa. Mwalimu wangu wa Wilson alikuwa ametupigia kelele mpaka tukaota usiku, kwanza pua chini ushike mwendo, pili chagua shamba, ndipo sasa ushike swichi, usianze na swichi, kwa sababu mtu anayeanza na swichi anainamisha kichwa ndani na ndege inapoteza mwendo akiwa anatafuta kosa. Nikashusha pua. Nikachagua shamba la mabua ya ngano upande wangu. Ndiyo nikageuza swichi ya mafuta kutoka tangi la kushoto kwenda la kulia na kuwasha pampu ya umeme. Sekunde kadhaa hakuna kitu. Halafu enjini ikashika, ikakohoa mara moja, ikaendelea kama hakuna kitu kimetokea. Sikupunguza hata futi moja mpaka tulipokuwa juu ya uwanja wetu, nikaizungusha ikashuka karibu kama tumezima.

Kufungua kifuniko cha tangi la kushoto kikavuta hewa fyuuu, soda kinyume. Tangi la plastiki lilikuwa limebonyea ndani. Kila tangi lina kapaipu kadogo ka kupumulia, unene wa kalamu, na kale ka kushoto kalikuwa kamezibwa na matope magumu kama saruji. Nikakatoboa na waya. Ndani ya matope kulikuwa na buibui watatu wamelazwa, hawajafa wala hawako hai, chakula cha mtoto wa nyigu. Mama nyigu alikuwa amejenga nyumba hapo katika hizo siku tano na akaweka hadi stoo ya chakula.

Mtu yeyote aliyewahi kutoboa mkebe wa mafuta ya kupikia anajua, shimo moja mafuta yanatoka kwa kwikwi, toboa la pili yanamiminika. Tangi ni hivyo hivyo. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie, hewa ikikosa njia pampu inavuta, inavuta, mwisho inavuta hamna. Mafuta yalikuwepo lita ishirini na zaidi. Hii enjini inakunywa kama lita 18 kwa saa. Tungeanguka na mafuta ya saa nzima kwenye bawa.

Na hapa ndipo Njoro inanichekesha. Kuna msichana alikulia hapa hapa, Beryl Markham, baba yake alikuwa anafuga farasi wa mbio, akakua akawa rubani. Septemba 1936 akaondoka Uingereza peke yake na ndege ndogo aina ya Vega Gull kuelekea magharibi, usiku, upepo wa Atlantiki ukimjia usoni njia yote, anataka kufika New York. Baada ya saa zaidi ya 20 enjini ikamnyamazia akiwa ameshafika pwani ya Kanada, akaishusha kwenye bwawa la matope Nova Scotia, pua ikazama, akatoka na jeraha la kichwa. Sababu inayotajwa ni barafu kuziba vipaipu vya kupumulia tangi. Yeye barafu, mimi matope ya mdudu, ugonjwa ni mmoja, isipokuwa yeye alikuwa amevuka bahari na mimi nilikuwa sijavuka hata barabara ya Molo. Nilimsimulia mzee hii akanyamaza kidogo halafu akauliza kama huyo mama naye alikuwa anatuma M-Pesa.

Basi ndoo ikaanza siku hiyo. Na si hako kapaipu peke yake. Kuna kashimo kengine mbele ya bawa, pito, ndiko kanakula upepo na kuiambia saa ya mwendo unakimbia kiasi gani. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, saa ya mwendo ya kapteni ikawa inamdanganya, ikaanguka baharini na watu wote 189 wakafa. Wachunguzi walisema pito mmoja ulikuwa umezibwa, ndege ilikuwa imekaa chini bila vifuniko, na mshukiwa mkuu ni nyigu, huyu huyu wa matope. Ndege kubwa hivyo. Yangu ukiisukuma na watu wawili inaenda.

Nikaingia Nakuru kwa mama mmoja anashona yunifomu za shule, nikamwomba soksi tano ndogo nyekundu zenye mkia mrefu, za kuvisha hayo mashimo ndege ikilala. Akazishona vizuri, akazipanga kwa meza, akaniuliza, "Baba, hawa watoto wako miguu ni mingapi?"

Mngedhani sasa mambo ni sawa. Miezi miwili hivi baadaye natoa soksi asubuhi, moja moja, kijana wa jirani wa miaka kama minane amesimama hapo anauliza maswali, kwa nini hii, kwa nini ile, na mimi napenda mtoto anayeuliza. Nikamwonyesha usukani, akausogeza akaona mkia unacheza, akacheka, nikacheka, nikaingia tukaenda. Sasa ndoo haifuniki mtoto.

Hapa lazima nieleze uwanja wetu. Kwa kitabu farasi ni 100, lakini hiyo ni usawa wa bahari, Mombasa, na si Mombasa ya joto. Enjini isiyo na turbo (ile ya kuisukumia hewa ndani) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Sisi tuko futi 7,000, na joto nalo linaongeza, kila digrii moja ya juu ya kawaida ya mahali ni kama umepandisha uwanja futi 120. Kawaida ya futi 7,000 ni digrii 1 tu. Saa nane mchana ikiwa 25, piga hesabu, 24 mara 120, ndege inaona iko karibu futi 10,000, na wale farasi 100 wamebaki kama 70, propela inashika hewa nyepesi na bawa nalo linashika hiyo hiyo nyepesi. Ongeza nyasi ndefu. Ongeza mzee, ambaye si mwepesi. Ndiyo maana tunaruka alfajiri, na ndiyo maana katikati ya uwanja nimepaka mawe mawili rangi nyeupe. Ukifika kwenye mawe na hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kuinuka, unafunga mafuta, yaani kama kuachia eksileta, unasimama, haubembelezi. Yetu inainuka 40, kwa hivyo kwenye mawe nataka 28.

Siku hiyo nimefika kwenye mawe, naangalia saa ya mwendo, sifuri. Si 20, si 15. Sifuri. Mwili wote unaniambia tunakimbia vizuri, mkia umeinuka, enda tu, na mkono ukafunga mafuta wenyewe. Tukasimama umbali wa kutosha kabla ya ua. Kutoka nje, soksi nyekundu iko kwenye pito, mkia wake umejizungusha juu ya bomba la bawa nisiuone. Mzee hakusema kitu, alitembea kurudi hangarini kwa miguu.

Kwa hivyo kanuni ya sasa si ndoo tu. Mtu akinikatiza, simu, mtoto, mbuzi, hata mimi mwenyewe nikijikatiza kwa mawazo, narudi kwa propela naanza upya kutoka mwanzo. Si pale nilipoachia, maana pale nilipoachia ndipo palinidanganya. Kuna asubuhi nimezunguka mara tatu. Wafanyakazi wa shamba wanasema fundi anatawadha ndege.

Mtu wa Kisumu aliniuliza kama mambo kwao ni rahisi kwa sababu wako chini. Ni kweli watu wa Kisumu mko chini, kama futi 3,700, lakini joto la 30 linafanya ndege ione kama futi 6,400, kwa hivyo msijisifu sana. Nimekuja huko mara mbili, juu ya Mau halafu unashuka na bonde, Muhoroni, miwa, miwa, miwa, ambayo kutoka juu inaonekana kama zulia la kutua na sio, muwa mrefu unaishika ndege miguu na kuipindua. Mnara wa Kisumu wananiongelesha kwa upole, na jeti ya Nairobi ikiruka mbele yangu nangoja dakika kadhaa hata wakiniambia niende, upepo unaozunguka nyuma ya hayo mabawa unaweza kunigeuza kama chapati. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi! Nilipita pembeni tu ya wingu lao, kioo kikawa kijani, redieta ikajaa, pito pia nikatoa wawili. Oshea na maji kabla hawajakauka, wakikauka ni gundi.

Kurudi siku hiyo hiyo ni hapana. Mchana mawingu yanajijenga juu ya Nandi na Kericho na ile mvua ya mawe ya kule, watu wa majani chai wanaijua, kitambaa changu hakiwezi. Kwa hivyo tunalala, tunakula samaki Dunga, tunaondoka alfajiri. Mzee analalamika bili ya hoteli kila mara. Nikamwambia mzee hata soksi hazikuwa bure.

Nyigu wenyewe sijawamaliza wala sijajaribu sana, wakiwa kwa paa la hangari ni wengi na wana kazi yao. Nimejaza tu mashimo ninayoyajua. Jumamosi iliyopita nimefika saa kumi na mbili, bado giza giza, simu nimeshazima sauti kabisa tayari kwa ndoo, nikatoa ufunguo ukakataa kuingia kwa kufuli. Nikajaribu tena. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia kwenye tundu.

Matope.